Je, bomba la maji taka limeinama vya kutosha? Hesabu inayowasumbua wajenzi Ruiru na Thika

NYUMBA imekamilika, rangi imekauka na wapangaji wamehamia. Miezi mitatu haijatimia, choo cha ghorofa ya chini chaanza kurudisha maji. Fundi anaitwa, anasukuma fito ndani ya bomba, uchafu unaachia, analipwa na kwenda zake. Baada ya majuma mawili anaitwa tena.

Aghalabu lawama huelekezwa kwa wapangaji: wametupa nepi, wametupa vitambaa, wamemwaga mafuta ya kupikia. Huenda ni kweli. Lakini bomba linaloziba mahali pale pale kila mara, hata baada ya wapangaji kubadilika, huwa na kasoro ya tangu kuzaliwa. Halikuinama vya kutosha, au limeinama kuelekea upande usiofaa.

Kisa cha aina hii hakimshangazi mkazi wa Ruiru wala wa Thika. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 katika mji wa Ruiru na 251,407 katika mji wa Thika. Ruiru, ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa mashamba ya kahawa na kituo cha utafiti wa zao hilo, sasa umeipita miji kama Eldoret na Kisumu kwa idadi ya watu. Mashamba yaligawanywa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, nyingine 40 kwa 80, na baada ya barabara kuu ya Thika kukamilika mwaka 2012, majumba ya kupangisha yakachipuka kama uyoga. Mabomba ya umma ya maji taka hayakuweza kukimbia kwa kasi hiyo. Mitaa mingi ilitegemea, na mingine bado inategemea, matangi ya chini ya ardhi na malori ya kunyonya uchafu.

Umbo la ardhi nalo lina neno. Ardhi ya eneo hili huteremka kutoka matuta ya magharibi, upande wa Gatundu na milima ya Nyandarua, kuelekea tambarare za mashariki. Mto Thika huenda kuungana na Tana, ilhali Ruiru na Ndarugu humwaga maji yake katika Athi. Mwenye ploti katika matuta ya udongo mwekundu hupewa mteremko na Mola bila malipo. Mwenzake aliye upande wa Juja Farm au viunga vya mashariki mwa Thika hujenga juu ya ardhi iliyolala kama meza, mara nyingi juu ya ule udongo mweusi ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Huyo ndiye anayepaswa kupiga hesabu mara mbili. Mji wa Thika una maporomoko mawili mashuhuri, ya Chania na ya Thika, yaliyo karibu na hoteli ya Blue Posts. Hata hivyo, maporomoko hayo hayamsaidii chochote mtu wa Makongeni ambaye bomba lake limelazwa bapa.

Kiini cha jambo ni hiki. Maji safi huja nyumbani yakisukumwa na shinikizo, kwa hiyo bomba lake laweza kupanda, kushuka na kupinda. Maji taka hayasukumwi na kitu. Hutembea kwa uzito wake tu, na juu ya hayo yanatakiwa kubeba kinyesi, karatasi, mchanga na mafuta. Yakienda polepole mno, maji hupita na mizigo hubaki. Wahandisi hukubaliana kwa jumla kuwa maji hayana budi kufikia mwendo wa kati ya mita 0.6 na 0.75 kwa sekunde, walau mara moja kwa siku, ili bomba lijisafishe lenyewe. Mwendo huo ni wa mtu anayetembea kwa kujivuta. Si mwingi, lakini bila mwinamo haupatikani.

Mwinamo wa bomba ni uwiano kati ya kimo ambacho bomba linashuka na urefu wake. Bomba la mita 40 likishuka mita moja, mwinamo wake ni 1 kwa 40. Ukigawanya 1 kwa 40 unapata 0.025, yaani asilimia 2.5. Kipande kimoja cha bomba la plastiki, ambacho kwa kawaida huuzwa kikiwa na urefu wa mita sita, hakina budi kushuka sentimita 15 kutoka mwisho hadi mwisho ili kitimize 1 kwa 40. Katika 1 kwa 60 kitashuka sentimita 10, na katika 1 kwa 80 sentimita saba na nusu.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Ploti hupimwa kwa futi, mabomba huitwa kwa inchi, na ramani za kampuni za maji huandikwa kwa mita. Si ajabu kukuta mtu amegawanya futi kwa sentimita na kupata jibu la kupendeza lisilo na maana yoyote. Kabla ya kugawanya, pande zote mbili ziwekwe katika kipimo kimoja.

Ni mwinamo gani unatosha? Mafundi wengi wa Kenya walirithi kanuni ya zamani ya Waingereza inayojulikana kwa jina la Maguire. Ni rahisi kukumbuka: chukua kipenyo cha bomba kwa inchi, zidisha kwa 10. Bomba la inchi 4 linahitaji 1 kwa 40, la inchi 6 linahitaji 1 kwa 60, na la inchi 9 linahitaji 1 kwa 90. Wamarekani wana yao ya robo inchi kwa kila futi, ambayo ni sawa na 1 kwa 48, na baadhi ya mafundi wetu huitumia bila kujua ilikotoka. Mwongozo wa siku hizi wa Uingereza umelegeza kamba kidogo: bomba la milimita 100, yaani zile inchi 4, laweza kulazwa kwa 1 kwa 80 iwapo linapokea angalau choo kimoja na maji yanayopita wakati wa wingi yanazidi lita moja kwa sekunde. Chini ya hapo, 1 kwa 40 inabaki pale pale.

Msomaji aweza kuuliza mbona viwango vitofautiane hivyo. Jibu limo katika kina cha maji ndani ya bomba. Mwaka 1889 mhandisi wa Ireland, Robert Manning, aliwasilisha kanuni ya kukadiria mwendo wa maji katika mifereji, na hadi leo hakuna ofisi ya uhandisi isiyoitumia. Kwa bomba la milimita 100 ambalo limekwaruzika kidogo kwa matumizi, kanuni hiyo inaonyesha kuwa maji yaliyojaa nusu ya bomba yatakwenda mita 1.04 kwa sekunde katika mwinamo wa 1 kwa 40, mita 0.74 katika 1 kwa 80, mita 0.66 katika 1 kwa 100, na mita 0.47 tu katika 1 kwa 200.

Kwa kuangalia namba hizo, mtu angesema hata 1 kwa 100 inatosha. Tatizo ni kwamba bomba la nyumba moja ni nadra kujaa nusu. Maji yakifika robo tu ya kimo cha bomba, mwendo hupungua hadi kama asilimia 70 ya huo uliotajwa. Basi 1 kwa 100 inashuka hadi mita 0.46, na 1 kwa 80 hadi mita 0.51, huku 1 kwa 40 ikisalia na mita 0.73. Alhasili, kanuni ya Maguire ilimlinda mwenye nyumba ndogo yenye maji machache. Jengo la ghorofa lenye vyoo 20, ambalo halikosi maji bombani asubuhi, laweza kuvumilia mwinamo mdogo zaidi.

Chukua mfano wa ploti ya futi 50 kwa 100 mjini Ruiru. Nyumba iko nyuma, na chemba ya maji taka ya umma iko barabarani mbele. Kutoka shimo la kwanza la ukaguzi, karibu na choo, hadi chemba ile ni mita 28. Bomba ni la inchi 4. Katika shimo la kwanza, sakafu ya bomba, yaani upande wa ndani wa chini ambako maji hupita, iko sentimita 45 chini ya ardhi. Ardhi yenyewe inateremka sentimita 20 kuelekea barabarani. Mahali pa kuingilia katika chemba pako kina cha sentimita 120.

Mita 28 zikigawanywa kwa 40 ni mita 0.70. Kwa hiyo bomba halina budi kushuka sentimita 70. Jumlisha na zile 45 za mwanzo, upate 115. Toa 20 ambazo ardhi imeshuka yenyewe, na bomba litafika barabarani likiwa kina cha sentimita 95. Chemba inapokea kwa 120. Zimebaki sentimita 25 za akiba, na mwenye ploti hii aweza kulala usingizi.

Sasa ivuke barabara hadi ploti iliyo ng'ambo. Vipimo ni vile vile, ila ardhi inapanda sentimita 30 kuelekea barabarani badala ya kushuka. Hesabu inakuwa 45 ongeza 70 ongeza 30, jumla 145. Chemba iko 120. Bomba limepita chini ya chemba kwa sentimita 25, na maji hayajapata kupanda kwa kubembelezwa.

Mara nyingi hapa ndipo fundi asemapo, "Tutaicheza tu." Anachomaanisha ni kwamba atapunguza mwinamo bila kusema ni kiasi gani. Ingefaa apige hesabu kinyume. Kina kilichopo ni 120, toa 45, toa 30, zinabaki sentimita 45 za kushukia. Gawanya 2,800 kwa 45, nawe unapata 62. Mwinamo unaowezekana ni 1 kwa 62. Haukidhi kanuni ya Maguire, lakini uko juu ya ule wa 1 kwa 80, na kwa kanuni ya Manning maji yaliyojaa robo yatakwenda karibu mita 0.58 kwa sekunde. Kwa nyumba yenye vyoo kadhaa vinavyotumika kila siku, bomba hilo laweza kufanya kazi iwapo litalazwa kwa uangalifu mkubwa, bila bonde hata moja katikati. Kwa nyumba ya mtu mmoja anayerudi usiku tu kutoka Nairobi, ni kubahatisha.

Kuna wanaodhani dawa ni kununua bomba kubwa zaidi. Wameisoma kanuni nusu: bomba la inchi 6 linaruhusiwa 1 kwa 60, basi na liwekwe hilo. Kanuni hiyo inachukulia kuwa bomba kubwa limewekwa kwa sababu kuna maji mengi. Maji yale yale machache yakimwagwa katika bomba pana husambaa, yanakuwa membamba, na nguvu ya kubeba mizigo hupungua. Bomba kubwa mahali pasipo na maji ya kutosha huziba upesi kuliko dogo.

Vipi kuhusu mwinamo uliozidi? Imani ya zamani ni kwamba bomba likiwa la mwinuko mkali, maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma. Wahandisi wa siku hizi hawaiogopi sana hali hiyo katika mabomba mafupi ya nyumbani. Panapo matuta makali, desturi ni kulaza bomba kwa mwinamo wa kawaida na kulishusha wima kwenye chemba, kisha kuendelea. Kati ya makosa mawili, bomba lililolala ndilo linalowatesa watu Ruiru.

Hesabu ya karatasini haina faida ikiwa kipimo cha ardhini ni cha kukisia. Jicho ni shahidi mwongo, hasa penye ukuta au ua usio sawa. Kifaa cha bei nafuu kuliko vyote ni mpira mwembamba unaopenya nuru, uliojazwa maji bila mapovu ya hewa. Maji katika ncha zake mbili husimama kimo kimoja, hata kama kuna nyumba katikati. Ncha moja ishikwe kwenye shimo la juu, nyingine kwenye chemba. Kisha pimwa kutoka usawa wa maji hadi sakafu ya bomba katika kila upande. Upande wa juu ukisoma sentimita 155 na upande wa chini 225, tofauti ni 70. Gawanya urefu wa mita 28 kwa tofauti hiyo, nawe umepata 1 kwa 40. Njia hii haijali ardhi imeinama vipi, na ndiyo ubora wake.

Kwa kukagua kipande kimoja kimoja, pimamaji ya sentimita 120 yatosha. Kibao cha unene wa milimita 30 kiwekwe chini ya ncha yake iliyo upande wa kushukia. Povu likikaa katikati, mwinamo ni 1 kwa 40. Kwa 1 kwa 60 kibao kiwe cha milimita 20, na kwa 1 kwa 80 cha milimita 15. Lakini pimamaji peke yake isitegemewe kwa urefu wote wa bomba. Kosa la milimita mbili katika kila kipimo hujirudia, na baada ya mita 28 huwa limekua. Uzi uliovutwa kati ya vigingi viwili vilivyopimwa kwa mpira wa maji ndio mwongozo, nayo pimamaji ni ya kuhakikisha.

Kazi huanzia chini na kupanda, mdomo mpana wa kila bomba ukielekezwa kule maji yanakotoka. Mtaro usichimbwe kupita kina kisha ukajazwa udongo laini, kwa maana udongo huo utadidimia na bomba litafuata. Na hapa udongo mweusi unarudi tena katika hadithi. Bomba lililolazwa juu yake moja kwa moja mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu, halitakuwa na mwinamo ule ule mwezi wa Mei. Ni lazima udongo huo uondolewe chini ya bomba na mahali pake pawekwe kokoto ndogo au mchanga ulioshindiliwa, na maungio yawe ya mpira yanayoweza kunyumbuka kidogo. Gharama yake huumiza, ila kufukua bomba chini ya sakafu ya saruji kunaumiza zaidi.

Wastani nao hudanganya. Bomba laweza kushuka sentimita 70 kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini katikati likawa na tumbo ambamo maji hutuama daima. Kabla ya kufukia, kioo kiwekwe upande mmoja na tochi upande wa pili. Duara kamili la mwanga likionekana, bomba limenyooka. Likionekana nusu duara, kuna mahali limepinda. Kisha ndoo moja ya maji imwagwe, na baada ya maji kupita mtu achungulie kama kuna yaliyosalia. Ukaguzi huu hauchukui hata nusu saa.

Wasiofikiwa na bomba la umma wana hesabu yao. Bomba kutoka choo hadi tangi hufuata kanuni zile zile, ila tangi huongeza sharti: tundu la kutokea liwe chini ya tundu la kuingilia kwa sentimita tano hadi saba na nusu hivi, na bomba la kuelekea shimo la kunyonya liendelee kushuka. Katika udongo mweusi, ambao haunyonyi maji kwa urahisi, hata mwinamo sahihi hautazuia shimo kujaa. Hapo tatizo si la bomba tena. Mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 ziliwakumbusha Wakenya wengi jambo jingine: maji ya paa yasielekezwe katika bomba la maji taka. Hakuna mwinamo unaoweza kuhimili gharika lililotokea mabatini.

Yote haya yanahitaji takwimu moja ambayo haipo mikononi mwa fundi, nayo ni kina cha chemba ya umma. Kwa upande wa Thika, anayehusika na mabomba hayo ni kampuni ya maji na maji taka ya Thika, THIWASCO. Kwa Ruiru na Juja ni RUJWASCO. Michoro ya jengo hupitishwa na Kaunti ya Kiambu, na Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya mwaka 2024, iliyoanza kutumika Machi 2025, imechukua mahali pa sheria ndogo za mwaka 1968. Lakini mchoro uliopitishwa hauchimbi mtaro. Kina hicho kitafutwe, na kifuniko kifunguliwe mbele ya afisa wa kampuni ili kipimwe, kabla jiwe la kwanza la msingi halijawekwa.

Sababu ni kwamba kimo cha sakafu ya nyumba ndicho kinachoamua mwanzo wa bomba. Mwenye ile ploti ya ng'ambo, aliyepungukiwa sentimita 25, angaliweza kuinua sakafu yake kwa kifusi cha kimo hicho hicho na kupata 1 kwa 40 kamili. Angaliweza pia kusogeza vyoo upande wa barabarani, au kuomba ruhusa ya kupitisha bomba katika ploti ya nyuma ikiwa ardhi inateremka huko. Msingi ukishamwagwa, njia hizo hufungwa moja baada ya nyingine. Kinachosalia ni pampu, ambayo hudai stima kila siku na hunyamaza pale stima inapopotea, huku wapangaji wakiendelea kwenda chooni kama kawaida.